Nani Aliambia Kichwa Kikae Juu?

Ukipanda treni ya Red Line pale Rockville kuelekea mjini, kituo cha nne ni Medical Center. Hapo ndipo ilipo NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya. Wengi wetu tuna mzazi, shangazi au jirani aliyewahi kufanya kazi pale, iwe maabara, wodini au jikoni. Lakini ukiwauliza vijana wenzetu kuna nini mle ndani chenye asili ya Afrika, watakuangalia tu. Jibu moja ni chura.

Chura huyo amesaidia kujibu swali ambalo mtoto wa miaka mitano anaweza kuuliza na profesa akakwama. Yai ni duara. Halina kichwa wala miguu, halina mbele wala nyuma. Sasa nani anaambia kichwa kikae juu, mgongo ukae nyuma na moyo uegemee kushoto?

Kwenye kipindi tuliligusa swali hili juu juu. Hapa tunalisimulia taratibu, kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia iliyopita karibu sana na milango yetu bila sisi kujua. Pili, jibu lake linagusa lawama ambayo mama wengi wa kwetu wamebebeshwa, na ni vizuri ukiwa na la kusema siku utakapoisikia.

Mihimili mitatu

Mhimili ni boriti, ile nguzo inayobeba nyumba. Mwili wa binadamu, kama wa chura au kuku, una mihimili mitatu: kutoka kichwani hadi mkiani (ndiyo, kiinitete cha binadamu nacho huwa na mkia kwa muda), kutoka mgongoni hadi tumboni, na kutoka kulia hadi kushoto. Kiinitete ni mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa, akiwa bado ni kifurushi cha seli.

Ugumu uko hapa: karibu seli zote za mwili wako zina jeni zilezile. Seli ya jicho na seli ya kidole zimebeba kitabu kimoja. Kwa hiyo hakuna seli yenye ramani ya siri. Seli hujua mahali pake kwa kusikia kutoka kwa majirani. Seli moja hutoa protini, protini inasafiri, seli nyingine inaipokea, na ndani yake jeni fulani zinafunguka na nyingine zinafungwa. Hiyo ndiyo tunaita ishara. Ni kama grupu la familia la WhatsApp: wote mna simu, tofauti ni nani kapata ujumbe gani, na saa ngapi.

Leo hayo yanasemwa kwa urahisi. Kufika hapo kulichukua karibu karne nzima.

Hilde, Freiburg, 1924

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari wa sayansi aitwaye Hilde Pröscholdt, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Hilde Mangold, alipewa kazi ya kupandikiza na profesa wake Hans Spemann. Wanyama waliotumia ni jamaa wa chura wenye umbo la mjusi, wanaoishi majini. Alitumia spishi mbili, moja ya rangi nyeupe-nyeupe na nyingine ya rangi nyeusi-nyeusi. Rangi hizo zilikuwa na maana kubwa: ukichukua kipande kutoka kwa mweupe ukakipachika kwa mweusi, utaweza kuona baadaye seli ipi ni ya mgeni na ipi ni ya mwenyeji.

Hilde alikata kipande kidogo sana kutoka sehemu moja maalumu ya kiinitete, mdomo wa juu wa tundu ambamo seli huingilia ndani wakati mwili unaanza kujipanga. Akakipachika upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Hakukuwa na dawa za kuua bakteria kama za leo, viinitete vingi vilikufa, na vilivyofika mbali vya kutosha vilikuwa vichache mno. Lakini hivyo vichache vilionyesha kitu cha ajabu: kwenye tumbo la mwenyeji palikuwa pameota mwili wa pili, wenye uti wake wa mgongo na mwanzo wa mfumo wake wa neva.

Ukiangalia rangi, ndipo unaelewa ukubwa wa jambo. Mwili ule wa pili haukujengwa na mgeni peke yake. Sehemu kubwa ya neva zake zilitokana na seli za mwenyeji, seli ambazo zingeachwa zingekuwa ngozi ya tumbo tu. Kipande cha mgeni kilikuwa kimewashawishi majirani wabadilishe kazi.

Makala yao ilitoka mwaka 1924, jina la Spemann likitangulia. Septemba mwaka huohuo Hilde alifariki kwa majeraha ya moto baada ya ajali ya jiko nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 25 na mtoto mchanga. Mwaka 1935 Spemann alipewa Tuzo ya Nobel, peke yake. Tuzo hiyo haipewi marehemu.

Kile kipande Spemann alikiita kwa neno ambalo kwa Kiswahili linakuwa *mpangaji*. Hapa lugha yetu inatupa zawadi ambayo Kijerumani hakikuwa nayo. Mpangaji ni anayepanga mambo yakae sawa, na mpangaji ni aliyepanga chumba kwenye nyumba ya mtu. Kipande cha Hilde kilikuwa vyote viwili: mpangaji aliyehamia nyumba isiyo yake, akaipanga upya.

Miaka ya kukwama, na chura anaingia

Swali lililofuata lilionekana rahisi. Mpangaji anatoa nini? Miaka ya 1930 watafiti walimuua kwa joto, walimgandisha, walimsaga. Kumbe hata mpangaji aliyekufa aliweza kuamsha neva kwa mwenyeji. Mbaya zaidi, vitu visivyohusika kabisa, hata rangi ya maabara ya bluu, viliweza kufanya hivyo. Kila kitu kilikuwa jibu, kwa hiyo hakuna kilichokuwa jibu. Wengi waliliacha swali kwa miongo kadhaa.

Wakati huo, Afrika Kusini, mambo mengine yalikuwa yanaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mwingereza Lancelot Hogben, akifundisha Cape Town, aliona kwamba chura jike wa huko, yule mwenye kucha miguuni anayeitwa kisayansi *Xenopus laevis*, akidungwa homoni fulani hutaga mayai. Muda si mrefu likawa kipimo cha mimba. Mkojo wa mwanamke unadungwa chini ya ngozi ya chura; akitaga ndani ya siku moja hivi, basi mama ana mimba. Vyura walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na kipimo hicho kilitumika hadi miaka ya 1960.

Vipimo vya kisasa vilipokuja, vyura walishazoeleka maabara. Na wana sifa ambayo mtafiti wa viinitete anaiota: mayai makubwa ya zaidi ya milimita moja, kwa mamia, mwezi wowote wa mwaka, yanayokua mbele ya macho yako ndani ya sahani ya maji. Hivyo ndivyo mnyama wa madimbwi ya Afrika alivyoishia kuwa mkazi wa kudumu wa maabara za Baltimore na Bethesda.

Chura wa Marsabit

Huyu wa Cape ana ndugu yake Kenya. Mwaka 1936 H. W. Parker wa British Museum aliwaelezea vyura wenye kucha wa kaskazini mwa Kenya, akawaita *borealis*, yaani wa kaskazini. Kwa Kiingereza chura huyu anaitwa kwa jina la Marsabit mpaka leo.

Mwaka 1972, katika maabara ya viinitete ya Carnegie pale Baltimore, kama maili 40 kutoka Rockville, Donald Brown na wenzake walichapisha kazi iliyolinganisha jeni za chura wa Cape na za ndugu yake waliyemwita chura wa Muller. Kazi hiyo ilisomwa sana. Halafu mwaka 1977 Brown, Igor Dawid na Ronald Reeder wakachapisha kurasa chache za masahihisho: yule hakuwa Muller, alikuwa *borealis*. Miaka mitano Mkenya ameitwa kwa jina la mtu mwingine. Kama umewahi kuambiwa "oh, wewe ni Mnigeria", unaelewa.

Lakini mchango wa chura wa Marsabit kwenye hadithi yetu uko mahali pengine. Mwaka 1983 Charles Thiébaud, akiwa Geneva, alionyesha kwamba ukizitia seli zake rangi ya quinacrine, viini vyake hung'aa kwa madoa-madoa, wakati vya chura wa Cape havina madoa hayo. (Quinacrine ni ileile dawa ya malaria waliyogawiwa askari katika Vita Kuu ya Pili.) Unaona alichopata? Ni zile rangi mbili za Hilde tena. Sasa unaweza kupandikiza kipande kutoka kwa chura wa Marsabit kwenda kwa chura wa Cape, ukasubiri, kisha ukahesabu seli moja moja: huyu mgeni, huyu mwenyeji. Mwaka huohuo Jim Smith na Jonathan Slack, London, walirudia jaribio la Hilde kwa chura na kupata jibu lilelile. Swali lililoachwa lilikuwa limefufuka.

Nzi naye alipita Rockville

Jibu la jeni lilihitaji mnyama mwingine. Ni yule nzi mdogo wa matunda, anayezunguka ndizi zako zikiiva sana. Naye asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara, kabla ya kusambaa duniani akifuatana na binadamu.

Huko Heidelberg, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliharibu jeni za nzi bila kuchagua, kisha wakatazama mabuu yaliyotoka yamekosea wapi. Mwaka 1980 walichapisha orodha ya jeni 15 ambazo zikiharibika, pingili za mwili huvurugika: nyingine hukosekana, nyingine hugeuka. Jeni moja waliipa jina la kalunguyeye, *hedgehog*, kwa sababu buu lake lilijaa vijiba kama miiba. Wawili hao, pamoja na Edward Lewis, walipata Nobel mwaka 1995.

Basi Machi 2000, ramani karibu kamili ya jeni za nzi huyo, kama 13,600, ilichapishwa. Kazi kubwa ya kuisoma ilifanywa na kampuni ya Celera Genomics, hapahapa Rockville, ikishirikiana na kundi la Berkeley. Ilikuwa mazoezi kabla ya kusoma ya binadamu.

Kilichoshangaza ni kwamba jeni za nzi na zetu ni ndugu. Mfano mzuri ni wa mwaka 1989. Andrew McMahon na Randall Moon walichukua ujumbe wa jeni iliyojulikana kwa kuleta saratani ya matiti kwa panya, ambayo ni ndugu wa jeni ya nzi iitwayo *wingless*, wakaudunga kwenye kiinitete cha chura. Kiluwiluwi kikaota mihimili miwili. Kile Hilde alichofanya kwa kisu, wao walifanya kwa jeni moja.

Mpangaji hapigi kelele, ananyamazisha

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mwaka 1992 Richard Harland na William Smith, Berkeley, walitangaza protini ya mpangaji waliyoiita *noggin*. Mwaka 1994 kundi la Edward De Robertis, Los Angeles, likatangaza *chordin*.

Na Bethesda je? Igor Dawid, yuleyule wa masahihisho ya 1977, alikuwa amehamia NIH. Mwaka 1992 Masanori Taira, Dawid na wenzao walionyesha jeni iitwayo *lim1* ikiwaka kwenye eneo la mpangaji wa chura. Miaka mitatu baadaye, Houston, William Shawlot na Richard Behringer waliiondoa jeni hiyo kwa panya. Viinitete vilikosa sehemu ya mbele ya kichwa, wakati kiwiliwili kilikuwa kimejengeka. Jeni iliyoonekana kwa chura wa Bethesda ilikuwa miongoni mwa zinazosema "hapa pawe kichwa".

Mwaka 1997 kundi la Malcolm Moos wa FDA, ambao maabara yao ilikuwa Bethesda, lilieleza protini nyingine ya mpangaji, *Frzb*, iliyokuwa imepatikana kwanza kwenye gegedu la ng'ombe. Kundi la De Robertis lilifika hapohapo wakati uleule.

Sasa sikiliza kinachounganisha noggin, chordin na Frzb, maana ndicho kiini cha makala hii. Hakuna hata moja inayotoa amri. Zote zinazuia. Kiinitete kizima kimejaa ishara, hasa protini za kundi la BMP zinazosema "kuwa ngozi, kuwa tumbo". Noggin na chordin huzikamata hizo BMP njiani kabla hazijafika. Frzb hukamata ishara za kundi la Wnt. Na seli ambayo haijaambiwa iwe ngozi huelekea kuwa neva yenyewe.

Kwa miaka 70 watu walitafuta amri. Walidhani mpangaji anapiga kelele "kuwa ubongo!" Kumbe kazi yake kubwa ni kuwanyamazisha wengine, ili seli zilizo karibu naye zipate nafasi. Ndiyo maana vitu vingi visivyohusika viliweza kuamsha neva miaka ya 1930: seli zilikuwa tayari, kitu chochote kilichovuruga ishara kilitosha.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko tofauti ya nzi na mtu. Nzi ana ndugu wa chordin anayeitwa *sog*, ila yeye humtumia upande wa tumbo, na neva zake kuu zimepita tumboni. Mfaransa Geoffroy Saint-Hilaire alisema mwaka 1822 kwamba mdudu ni kama sisi tuliopinduliwa, akachekwa. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba chordin ya chura inafanya kazi ndani ya nzi, na sog ya nzi inafanya kazi ndani ya chura. Mzee hakuwa mbali na ukweli.

Lawama

Kwa binadamu, mambo haya hutokea lini? Wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa. Hapo ndipo mstari wa kichwa hadi mkia unachorwa, mgongo unatengana na tumbo, na kulia kunatofautiana na kushoto. Hesabu mwenyewe: mama wengi ndiyo kwanza wanaanza kushangaa hedhi imechelewa.

Sasa kumbuka maneno unayoyasikia kwenye vikao vyetu mtoto akizaliwa tofauti. Alimcheka mlemavu. Alikatiza njia usiku. Alilogwa na wifi. Amelipa dhambi. Maneno hayo yamevunja ndoa na kuwafungia watoto ndani, kule nyumbani na hapa Montgomery County pia.

Watanzania wengi wanawakumbuka marehemu Maria na Consolata Mwakikuti, mapacha walioungana waliozaliwa Makete mwaka 1996. Walifiwa na wazazi wakiwa wadogo, wakalelewa na masista, wakasoma mpaka kidato cha sita, na mwaka 2017 wakaingia chuo kikuu Iringa kusomea ualimu. Walifariki Juni 2018 wakiwa na miaka 21, na nchi nzima ililia. Wataalamu hueleza mapacha walioungana kwa namna hii: katika hatua za awali kabisa, mihimili miwili hujipanga karibu mno kwenye kiinitete kimoja. Ni jambo la aina ileile ambayo Hilde aliiona kwenye sahani yake. Hakuna mtu aliyefanya kosa, wala jicho baya lililowaangalia.

Vivyo hivyo mtu 1 kati ya 10,000 hivi huzaliwa viungo vyake vya ndani vimegeuzwa, moyo ukiwa kulia, na wengi wao huishi na afya njema bila kujua mpaka siku ya kupigwa picha.

Kuna jambo moja ambalo mama anaweza kulifanya mapema, nalo linahusu hatua inayofuata. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla ya siku ya 28, na usipofunga mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki hupunguza hatari hiyo, lakini inatakiwa iwemo mwilini kabla ya mimba. Ndiyo maana tangu 1998 FDA inalazimisha iongezwe kwenye unga wa ngano uliorutubishwa hapa Marekani. Dada zetu, muulizeni daktari kabla, si baada.

Kwa hiyo siku shangazi atakapoanza kunong'ona kuhusu mke wa fulani na mtoto wake, usimjibu kwa hasira. Mwambie: shikamoo shangazi, hayo mambo yalipangwa wiki ya tatu, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Akiuliza nani kakwambia, mwambie ni binti mmoja wa Freiburg aliyekufa na miaka 25, na chura wa Marsabit.